Karton Kumi na Mbili za Limau

Mtu akiniambia kinywaji ni kinywaji tu, najua hapo hapo kwamba ulimi wake ulikufa zamani. Mimi Kanyere nimeuza vinywaji hapa Katoyi miaka kumi na sita, na nakwambia, ile ya kanete, kopo jembamba la bati, maji ya gesi yenye limau na kilevi kidogo, inadeka kuliko bibi harusi. Bia inavumilia. Ile haivumilii. Iache chini ya mabati siku tatu, limau inageuka dawa ya kikohozi. Igandishe, kanete inavimba na gesi inalegea. Inataka giza, inataka ubaridi usiobadilika, inataka kusimama wima na kuachwa kwa amani. Amani, hapa Goma! Bwana yangu Adalbert alikuwa akinicheka. "Wewe ungeolewa na karton, Kanyere," aliniambia. Yeye alisukuma mizigo kwa chukudu lake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na kilevi hakukigusa kabisa.

Kosa nililifanya mara moja, mwaka 2021. Mlima wa volkano ulipasuka Jumamosi, na Alhamisi tukaambiwa tuhame mji. Tukakimbilia Sake, tukakaa huko siku kumi na moja. Karton zilibaki depo, ghalani mwangu, jua likizipiga kupitia dirishani. Tuliporudi hatukuwa na kitu, nikaziuza hivyo hivyo. Aliyezinunua ni muzee Hategekimana wa Majengo, kwa harusi ya binti yake wa kwanza. Wageni walionja, wakatazamana, wakamwaga chini mbele ya wakwe. Muzee hakunitukana. Alikuja akasimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akasema, "Mama Kanyere, umenitia haya." Akaenda zake. Tangu siku ile wenye sherehe walipita mbele ya depo yangu wakiangalia upande wa pili. Niliumia, sikatai.

Kwa hiyo aliporudi mwishoni mwa 2024 kuagiza karton kumi na mbili kwa ajili ya binti wa pili, nusura nilie mbele yake. "Sasa usiniangushe," alisema. Nikamwapia kwa Bikira Maria. Nilichotaka ni kusikia kutoka kinywani mwa muzee huyo kwamba ladha iko sawa. Akisema yeye, Majengo yote itasema. Akikataa, nafunga mlango.

Karton zilifika wiki moja kabla ya waasi kuingia mjini. Mabomu siku tatu, nne. Umeme ukakatika, maji yakakatika, frigo ikabaki kabati. Depo zilivunjwa, watu wakatoka na kreti vichwani mchana kweupe. Yangu iliponea kwa sababu Adalbert alitundika mlangoni nguo zilizochanika, ikaonekana imeshaporwa. Nilituma mtu kwa muzee kumwuliza kama harusi ipo. Jibu lilikuja: "Ipo. Watoto wangoje vita iishe? Tangu lini imeisha?"

Sasa niambie, ningeziweka wapi? Chini ya mabati, bila umeme, na mijizi inazunguka. Adalbert ndiye aliyekumbuka shimo la shangazi yake.

Shangazi huyo, mama Mukamugema, alikuwa mkimbizi wa Masisi aliyechoka kukimbia, akajijengea Mugunga juu ya mawe ya volkano. Nyuma ya nyumba yake jiwe limepasuka, pana shimo lenye kina cha watu wawili, ngazi ya miti ndani. Humo aliweka viazi. Tulipeleka karton kwa chukudu, saa sita mchana, tumezifunika mablanketi kama wagonjwa. Nilipoinama mdomoni mwa shimo ubaridi ukanigusa uso. Nikasema, Mungu ananipenda.

Mama Mukamugema hakuturuhusu kushuka. Kwanza aliwasha majani makavu ndani ya kopo la maziwa, akaliteremsha kwa waya hadi chini. Moto ukawaka vizuri. Kule kila mutu anajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini, haionekani, hainuki, inalala mabondeni na mashimoni. Mbuzi anaingia, anapiga magoti, haamki. Moto ukizimika, mazuku ipo.

"Leo haiko," alisema mama. "Lakini kila mara, moto kwanza. Na musikuje asubuhi sana, upepo ukiwa bado kuamka. Asubuhi ndiyo inajaa."

"Ndiyo, mama," nilimjibu. Akilini nilikuwa nahesabu jinsi karton zitakavyopangwa.

Zilikaa humo siku tisa. Harusi ilikuwa Jumamosi, na mimi nikaamua tuzitoe Jumamosi yenyewe, kunapopambazuka.

"Shangazi alisema asubuhi hapana," Adalbert akanikumbusha.

"Shangazi anauza viazi," nilisema. "Jua likishapanda, kutoka Mugunga mpaka Majengo karton zitapikwa njiani. Siku tisa za baridi, halafu joto, halafu tena baridi? Unataka muzee amwage tena?"

"Kanyere."

"Wapi! Twende."

Akacheka, akachukua chukudu. Hivyo ndivyo alivyokuwa, mtu wa kukubali. Mara nyingine nilitamani anikatalie.

Tulifika ukungu ukiwa bado chini. Hakuna jani lililotikisika. Mama Mukamugema hakuwepo, alikuwa ameshateremka ziwani kuchota maji pamoja na majirani, maana bomba zilikuwa kavu. Lile kopo lake la moto lilikuwa pale pale kwenye jiwe. Nililiona. Adalbert pia aliliona, akaniangalia. Nikamwambia joto la moto sitaki karibu na karton, na jua haliningoji. Maneno hayo ni yangu, siwezi kuyapa mtu mwingine.

Kamba ilikuwa moja. Yeye ashuke, afunge karton, mimi nivute. Alishuka. Nikamsikia akisogeza ya kwanza.

"Kanyere, kichwa kinanizunguka," alisema.

"Ifunge wima! Usiilaze, gesi itachafuka!"

Kamba ikatikiswa mara mbili. Nikavuta. Karton ikaja imesimama wima, mafundo mawili, baridi kama mto wa Masisi. Nikaiweka kivulini, nikarudisha kamba chini.

"Ya pili!" nikaita.

Nikaita tena. Nikainama nikamwona ameketi, ameegemeza shavu juu ya karton zangu, mikono mapajani.

Mama yangu weee! Nilitia mguu kwenye ngazi. Sijui nilishuka hatua ngapi. Mkono ulinishika shingoni, kwenye kitenge, ukanivuta nje hadi nikaangukia mgongo. Alikuwa Nsanzimana, jirani mchunga ng'ombe, aliyesikia kelele zangu. Nilimuuma mkono. Hakuniachilia.

"Ukishuka mutakuwa wawili," alisema. "Mama, mutakuwa wawili."

Alijaribu kumnasa Adalbert kwa kamba, akirusha kitanzi mara baada ya mara. Kiliteleza. Mutu aliyelegea hanaswi, na kamba ambayo ingekuwa kiunoni mwake niliiweka kwenye karton. Upepo uliamka karibu saa tatu. Majirani waliorudi kutoka ziwani wakashusha moto, ukakaa bila kuzimika, wakamtoa.

Fundi wa frigo alikuja kwenye msiba akanieleza kwamba hewa ya mazuku ni ile ile wanayotia kwenye kanete ili ichemke ulimini. Nilimwambia anyamaze, aende akakae na wanaume.

Watu walikuja wengi, wengine kwa miguu kutoka Masisi. Masoko yalikuwa yamefungwa, nyumbani hapakuwa na kitu cha kuwapa. Nilitaka zile karton zitupwe ziwani. Mama Mukamugema akasema, "Wageni wamekuja kumulilia mutoto wangu. Watakunywa nini?" Wakazitoa shimoni mchana, moto kwanza, wakazigawa.

Muzee Hategekimana alikuja. Alikuwa ameahirisha harusi mwenyewe, bila kuulizwa. Mtu alimpa kanete, akaishika muda mrefu kabla ya kuifungua. Akanywa kidogo. Halafu akasogeza kiti karibu na mkeka wangu, na akainama ili wengine wasisikie.

"Mama Kanyere," akasema, "ladha iko sawa. Iko sawa kabisa."

Nilikuwa nimengoja neno hilo karibu miaka minne.

"Aksanti, muzee," nikamwambia.