Adesi za Jumatatu

Haya nimeyapata kwa Casilda, wa ghorofa ya pili mlango wa kushoto, mwaka jana wiki ile tuliyokuwa tukichoma pilipili nyekundu za kuweka kwenye machupa. Casilda hana tabia ya kutia chumvi maneno, nami ninayaandika kama alivyoyatoa.

Dirisha la jiko lake linatazamana na dirisha la jiko la Visitación. Katikati ni uwazi wa jengo letu, na juu ya uwazi huo kuna kamba moja ya kuanikia nguo, inazunguka kwenye roda mbili, moja kila upande. Waliifunga walipokuwa maharusi, waume zao wameshikilia ngazi. Anayevuta huku anasogeza nguo za kule. Kwa kamba hiyo walijuana kuliko ndugu wa tumbo moja. Casilda akiona shuka zimeanikwa katikati ya wiki, alijua ng'ambo kuna mgonjwa.

Mwezi wa Julai Visitación aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Akiwa bado hospitalini, Fabián alibadilisha kitasa cha mlango wake.

Fabián alilirithi jengo kwa mjomba wake, mzee Evelio. Nyumba ya Visitación ilikuwa imepangwa kwa jina la mumewe, Honorio, na Honorio alipofariki ilimpasa mjane aende akaandikishe jina lake. Hakwenda. Wajane wa hapa Salamanca ndivyo tulivyo: jina la mume halibanduliwi mlangoni, maana kulibandua ni kumzika mara ya pili. Mzee Evelio alilijua hilo akanyamaza, akawa analetewa bakuli lake la wali wa maziwa kila sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Fabián hapendi wali wa maziwa. Mwanasheria wake alisema mpangaji ni marehemu, na marehemu hana haja ya jiko.

Visitación akapelekwa nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Fabián akaigawa sebule yake kwa ukuta wa ubao, na Septemba wakaingia wanafunzi watatu wa kubadilishana vyuo: Jagoda kutoka Poland, Tiziano kutoka Italia, na Femke Mholanzi, mrefu mpaka ilibidi ainame kupita mlangoni.

Jumatatu ya kwanza Jagoda alikuwa jikoni anachemsha maji ya chai. Ilikuwa saa tano asubuhi. Kitunguu kilitoka kapuni, kikajimenya juu ya ubao. Kisu kikafuata. Jagoda alisogea kidogo kisimkate. Mafuta yakapata moto, kitunguu saumu kikaingia, kisha adesi zilizokuwa zimelowekwa tangu jana yake na mtu asiyejulikana, na vipande vya soseji nyekundu. Mwiko ukazunguka polepole, na kila mzunguko wa tatu ukagonga ukingo wa sufuria: tak. Casilda aliisikia hiyo tak akiwa kwake. Akasema peke yake, "Visi huyo," akaendelea kukunja soksi.

Saa nane sahani zilikuwa mezani. Wanafunzi walidhani ndio utaratibu wa nyumba za huku, kama zilivyo zile luva za madirishani. Walikula, wakaosha vyombo, wakalala. Jumatano ikapikwa supu ya tambi.

"Hizi tambi zimeiva mpaka zimekufa," Tiziano akasema.

"Basi lete sahani yako huku," Femke akamwambia.

"Aa, maiti nazo zina heshima zake." Akapakua mara tatu.

Ijumaa zilipikwa dengu kwa samaki mkavu, kwa sababu Ijumaa Visitación hali nyama. Mwezi ukapita hivyo. Tiziano alilegeza mkanda. Femke aliacha kwenda kula chuoni, akaanza kuwaalika rafiki zake, na chungu kikawa kinaongezeka kwa kadiri ya wageni.

Alhamisi moja Casilda alikwenda kumwona mwenzake. Alimkuta kwenye kiti cha mikono, dirishani, usingizi umemchukua na ni asubuhi. Mkono wa kulia ulikuwa ukizunguka hewani, na kila mzunguko wa tatu ukigonga mkono wa kiti. Saa nane kamili aliamka, jasho linamtoka, akaletewa uji wao wa mboga zilizopondwa. Hakuugusa.

"Visi, umebaki mifupa."

"Nimechoka, Casi. Siku hizi wanakuwa wanane mezani."

Casilda alirudi akiwa na hasira za kutosha kuwasha jiko. Alifungua dirisha, akaitikisa kamba mpaka vibanio vikalia.

"Wewe msichana! Ndiyo, wewe mwenye nywele za katani. Mnakula vizuri?"

"Vizuri sana, bibi, asante," Jagoda akajibu.

"Na anayewapikia mnamjua?"

"Hapana. Lakini vyombo tunaosha."

"Ee Bikira Maria, vyombo wanaosha! Vaa koti, teremka."

Walivuka daraja wakiwa na bakuli la adesi zilizobaki tangu Jumatatu, limefungwa kitambaa. Njiani Casilda alimweleza yote, na Jagoda alilikumbatia lile bakuli. Visitación alionja kijiko kimoja, akakunja uso.

"Chumvi imepungua. Jumatatu waliniamsha ninywe dawa kabla sijatia." Kisha akamtazama msichana. "Upande wa meza ulio karibu na dirisha, anakaa nani?"

Jagoda aliona haya. "Tumeweka vitabu, bibi."

"Sitaki makubwa, mwanangu. Nataka kula kwangu, mezani kwangu, kijoto cha kupasha miguu kikiwa chini ya meza. Nataka baridi inikute kwangu. Basi."

Jumapili, siku ambayo jamaa huruhusiwa kuwatoa wazee wao, walimleta kwa teksi. Jagoda alimpisha chumba, yeye akatandika godoro chini, nyuma ya ule ukuta wa ubao. Visitación aliketi kwenye meza ya mviringo, akajifunika magoti kwa kitambaa kizito cha meza kifikacho sakafuni, kijoto kikawaka chini yake. Aliyatazama makabati yake moja moja. Casilda alivuta kamba kutoka ng'ambo, yeye akaivuta kutoka huku, ingawa hapakuwa na nguo. Wakacheka kama wasichana.

Usiku alilala usingizi mzito, mikono imetulia kifuani.

Jumatatu, saa tano, kitunguu hakikutoka kapuni. Saa nane meza ilikuwa tupu. Nyonga haikumruhusu Visitación kusimama mbele ya jiko, na usingizi wa asubuhi hakuwa nao, kwa kuwa alikuwa nyumbani na hakuwa na cha kutafuta. Jagoda alipika kabichi na viazi.

"Chakula cha kutubia dhambi," Tiziano akasema, akaacha nusu.

Jumanne kabichi. Jumatano kabichi. Femke alifunga mlango wa chumba chake, akazungumza na Tiziano kwa sauti ya chini, lakini ubao ni ubao, na Jagoda alisikia.

"Bibi ni mtu mzuri sana," Femke alisema, "mimi binafsi nampenda. Ila akiwa huku, hatuli."

"Na sisi tumekuja kusoma," Tiziano akasema. "Hatukuja kulea."

Ni Tiziano aliyempigia simu Fabián. Alisema amefanya hivyo kwa faida ya bibi mwenyewe. Maneno hayo Casilda aliyarudia mbele yangu, akaigonga pilipili mezani hadi mbegu zikaturukia usoni.

Fabián alikuja Alhamisi, manukato yakamtangulia ngazini.

"Bibi Visitación! Umependeza. Lakini unajua hapa si kwako."

"Hapa nimezaa, Fabián. Hapa nimemfumba Honorio macho."

"Mapatano yanasema watu watatu. Wakizidi, wote nje, na vyuo vyao vitapata barua." Akamgeukia Jagoda. "Ulishawahi kurudishwa kwenu katikati ya mwaka, mrembo?"

Casilda alikuwa ameshatoa nusu ya mwili dirishani. "Fabián! Nilikufuta kamasi kwenye ngazi hizo hizo! Mjomba wako angekuona angekutemea!"

"Mjomba amekufa, bibi."

"Honorio naye amekufa, na kifo chake ndicho ulichokitumia kudai nyumba!"

Fabián aligeuza macho jikoni. Alikwisha kugundua kitu. Visitación, kwa uchovu wa maneno hayo, alikuwa amesinzia pale pale mezani, na jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kikijiinua. Fabián aliingia, akatazama mwiko unavyozunguka. Akaonja.

"Hii ni kila siku?" akawauliza wanafunzi.

"Kila siku," Tiziano akasema. "Akiwa kule."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni wali."

Fabián aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa ghorofa yenye lifti. Kisha akaita gari. Jagoda alijisimamisha mlangoni, akasema hapiti mtu. Femke akamshika mabega, kwa upole sana, akamsogeza. Visitación aliteremshwa akiwa bado usingizini, na chakula hakikukatika. Siku hiyo yalipikwa matumbo ya ng'ombe kwa pilipili. Jagoda hakula. Wenzake walikula.

Mwaka wa masomo ulipokwisha, Jagoda alichukua bisibisi, akafungua kile kibati cha shaba mlangoni chenye jina la Honorio, akampelekea Visitación aweke chini ya mto. Wakalia kidogo, wakaagana. Hakuwa na kingine cha kumpa. Septemba wakaja wengine, masanduku yao yakigonga mawe ya barabara, na tangazo la Fabián likiwa limeshawafikia huko kwao: karibu na chuo, mwanga mzuri, chakula cha mchana kipo. Wapangaji hao wapya walilalamika jambo moja tu, kwamba mara nyingine adesi hazina chumvi. Fabián akapiga simu nyumba ya wazee, akaomba dawa za asubuhi zisogezwe mpaka baada ya saa nane. Zikasogezwa. Walimwambia ni vizuri kuona mzee ana mtu wa kumjali.

Jumatatu iliyofuata Casilda alivuka daraja mapema. Alivuta kigoda karibu na kiti cha mwenzake, akamkamata mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Leo hulali, Visi. Waache wale mkate mkavu. Niimbie. Nitukane. Sema lolote."

"Niache, Casi. Adesi zimelowa tangu jana."

"Zioze!"

"Kuna kijana mmoja mpya, mwembamba. Anatoka mbali."

"Anakula kwenye meza yako, mpumbavu wewe, na wewe unakula uji!"

"Najua," Visitación akasema. "Unadhani sijui?"

Casilda alimfinya. Akamwagia maji usoni. Alimsimulia harusi zao zote mbili, ngazi, kamba, siku shuka zilipopeperuka zikamfunika padri. Visitación alitabasamu kwenye habari ya padri. Saa ya ukutani ilifika tano. Kope zake zikashuka, zikapanda, zikashuka. Casilda aliubana ule mkono kwa nguvu zake zote, nao ukaanza kuzunguka ndani ya mikono yake, ukaivuta na yake, polepole, na kila mzunguko wa tatu wakagonga kiti pamoja.

Visitación alikuwa amelala.