Klorini Kabla ya Mashine

Simu ya meneja iliniingia Jumatano saa moja asubuhi, hata chai sijaonja. "Fundi, maji ya bwawa ni ya baridi. Ijumaa wagonjwa wanaingia. Njoo." Akakata. Huyo ndiye meneja mpya: kwake salamu ni anasa.

Bwawa lenyewe ni la kituo cha mazoezi ya viungo. Wanaoliingia ni waliovunjika nyonga, waliopooza upande mmoja, na watoto wenye misuli migumu. Maji yakipoa, miili yao hukakamaa na mazoezi hayaendi. Kinachoyapasha moto ni pampu ya joto, mashine kubwa yenye feni iliyokaa nyuma ya jengo. Ni friji iliyogeuzwa kazi: huvuta joto la hewa ya nje na kulipeleka majini. Mimi ni fundi friji, mwanamke peke yangu katika fani hiyo mtaani kwetu, na mdomo wangu unajulikana kuliko spana zangu.

Lakini kilichonikimbiza siku ile hakikuwa wagonjwa, Mungu anisamehe. Msimamizi wa bwawa lile ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Ana miaka kumi na tisa pale. Watu humwita Kipimajoto, maana hutumbukiza kiwiko majini akakutajia nyuzi za joto, na hakosei. Sasa meneja alikuwa amempania. Alikuwa akimwambia kila mtu kwamba mzee anasahau: anaweka klorini, anasahau, anaweka tena. Ikithibitika kwamba klorini imezidi na kuua mashine, mjomba angeondoka Ijumaa hiyo hiyo, tena kwa barua inayosema akili yake imechoka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Imegoma kabisa. Nikiiwasha tu, umeme unakatika."

Akanishikia tochi. Nikafungua mfuniko, nikaanza na umeme. Nikachomoa nyaya za kompresa, nikawasha: swichi haikukatika. Nikazirudisha: tap, ikakatika. Nikaweka mita, ikaniambia nilichokuwa nakiogopa. Kompresa, ambayo ndiyo moyo wa mashine, ilikuwa imeungua. Ila moyo nao hausimami bure. Nikafunga geji kwenye bomba la gesi na kulegeza kidogo. Badala ya gesi kupiga mluzi, yakatoka maji. Maji, jamani, ndani ya bomba la gesi! Maana yake ukuta wa shaba unaotenganisha gesi na maji ya bwawa ulikuwa umetoboka.

"Kuna kitu kimeila shaba," nikasema.

"Klorini?"

Nilitamani kumdanganya. "Klorini."

Tochi ikashuka, mwanga ukatua kwenye viatu vyangu.

"Basi ni mimi," akasema polepole. "Kila siku nikipima naona iko sawa. Lakini labda hata kupima kwenyewe nilikuwa naota. Bibi yako alianza hivi hivi. Kwanza alisahau sufuria jikoni, mwisho akatuuliza sisi ni watoto wa nani."

"Hebu acha kujitabiria mabaya, mjomba!"

Nikageuka kuyafuata mabomba kwa hasira. Sisi mafundi tuna tabia moja mbaya: ukifika kwenye kazi ya mwenzako, cha kwanza ni kumtukana aliyekutangulia. Ndiyo dua yetu ya kufungulia kazi. Basi nikakiona chombo cha klorini, kile kidumu cheupe cha vidonge ambacho maji hupitia. Kilifungwa kabla ya mashine badala ya baada yake. Kwa hiyo kila mzunguko wa maji uliposimamishwa jioni, klorini kali ilikuwa inatuama ndani ya mashine na kuitafuna shaba mpaka asubuhi. Hata ungeweka kidonge kimoja tu, ingetafuna.

"Mpumbavu gani kafunga hivi?" nikafoka. "Huyu ufundi kausomea wapi, machinjioni?"

"Sijui," mjomba akasema. "Nilikuwa likizo. Niliporudi nikakikuta."

Nikainama. Kwenye kiungo palizungushwa utepe mwekundu mara tatu, ncha imekunjwa kwa ndani. Mtaa mzima hakuna anayekunja ncha namna ile ila mimi.

Wee! Nyani haoni kundule. Nikakumbuka yote: Jumamosi jioni, miezi minane nyuma, meneja wa zamani kaniita, elbo moja, kile kiungo cha kona cha bomba, imepungua, duka limeshafungwa, nami nina harusi ya rafiki yangu. Nikakifunga mahali palipofikika, nikajiambia Jumatatu nitarudi kukihamisha. Hiyo Jumatatu sijaiona mpaka leo. Katika jengo lile aliyesahau alikuwa mmoja, naye alikuwa amechuchumaa palepale ameshika spana.

"Vipi, umeona kitu?" mjomba akauliza.

"Hamna."

Neno dogo hilo nikatembea nalo siku mbili nzima. Nilipiga hesabu zote za mwoga: meneja wa zamani alishahama, huyu mpya hanijui vizuri, mjomba alikuwa likizo. Hakuna shahidi. Na nikisema, nani atampa kazi tena fundi aliyeua mashine, tena mwanamke, wakati wanaume wa fani hii wamekaa wakinisubiri nianguke wacheke? Nilijiambia mjomba amekaribia kustaafu, atapumzika. Nilijiambia mengi.

Mashine mpya, aliyoiagiza meneja Jumatano hiyo hiyo nilipomwambia ile ya zamani haitengenezeki, ilifika Alhamisi. Wabebaji wanne waliishusha kwa kelele, nikaiweka sawa juu ya zege, nikaunga mabomba, nikavuta nyaya. Kisha, kimya kimya, nikakikata kile chombo cha klorini na kukihamishia baada ya mashine, nikaongeza na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Utepe mwekundu nikaubandua, nikautupa kwenye takataka. Ushahidi ukaisha hivyo, mchana kweupe, huku mjomba amenishikia bomba.

"Mbona unakihamisha?"

"Ndiyo utaratibu wa siku hizi."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mwanafunzi. "Basi niandikie, mwanangu. Nisije nikasahau."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwandikia, akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Ijumaa asubuhi niliwasha. Feni ikazunguka, kompresa ikanguruma taratibu, swichi haikukatika. Kufika saa sita mjomba alitumbukiza kiwiko. "Ishirini na tisa," akasema. Kioo cha mashine kilisoma ishirini na tisa. Hakutabasamu.

Meneja akatokea na bahasha. Akanipa karatasi na kalamu. "Fundi, niandikie chanzo. Msimamizi alizidisha klorini. Sentensi moja inatosha, usinichoshe na ufundi."

Mjomba alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Akaniona siandiki.

"Andika tu, mwanangu," akasema. "Usinionee haya. Ukweli ni ukweli."

Jamani! Kama angenitukana ningevumilia.

"Klorini haikuzidi," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Chombo kilifungwa mahali pasipo pake, kabla ya mashine. Nilikifunga mimi, miezi minane iliyopita. Mzee hana kosa, vipimo vyake vyote vilikuwa sahihi."

Meneja alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Na umejua lini?"

"Juzi."

"Juzi! Ukanyamaza, ukaniacha niandike barua?" Akaikunja bahasha mara mbili. "Hapa hutafunga tena hata bomba la choo. Ondoka na masanduku yako." Akaenda zake. Wala hakumwomba mjomba radhi.

Tukabaki wawili. Nilikusanya spana bila kuinua macho.

"Rudia," mjomba akasema.

"Hukusahau, mjomba. Ni mimi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nisamehe."

Akakaa kwenye ukingo wa bwawa, miguu na viatu vyake ikaingia majini, wala hakujali. Nikasubiri tusi. Nililihitaji.

"Juzi ulipoondoka," akasema, "nilimpigia binti yangu. Huwa ananiachia mjukuu jioni akienda zamu ya usiku. Nikamwambia asimlete tena. Nikamwambia ipo siku nitamsahau kwenye beseni la kuogea. Alilia sana. Nikamwambia kulia hakusaidii, aanze kuzoea."

Akatoa simu. Akabonyeza mara tatu akakosea. Akaninyooshea.

"Mpigie wewe. Mweleze ulichofanya."

Nikapiga. Iliita mara moja tu, binamu yangu akapokea akihema.

"Baba?"

"Ni mimi."

"Mbona una simu yake?" Nikamsikia anaanza kulia. "Dada, niambie. Baba amepotea?"