Jicho la Kushoto la Hajati Tafida

Hajati Tafida alitundika ushanga wa buluu juu ya pazia la chumba cha tanuri, akanigeukia, akasema, "Huu ni kwa ajili ya macho ya watu." Tulikuwa wawili tu uani. Sasa hao watu ni nani kama si mimi?

Huyo ndiye mama mkwe wangu. Hana dogo, wala mimi sina, na Mungu alituweka nyumba moja ili Mitwali, mwanawe ambaye ni mume wangu, asipate usingizi.

Ulikuwa mwezi wa Amshiri, baridi ya mwishomwisho, upepo unakuja na mchanga na kuondoka na nguo zako kambani. Mdondo ulikuwa umepita kijijini na kufagia mabanda yote. Kuku wa Hajati, wale wa madoadoa aliorithi mbegu yao kwa mama yake, walikufa mmoja baada ya mwingine, naye akawa anaokota mayai yao ya mwisho huku analia. Mayai hayo ndiyo aliyoyalaza kwenye makapi ya ngano, katika chumba kidogo kilichoegemea tanuri la mkate, yapate joto la samadi kavu inayofuka ndani ya chungu. Mitwali alishauri tuweke balbu. Akaambiwa balbu ni ya kusomea gazeti.

Kisha mama mtu akatoa hukumu yake, tena mbele ya sinia la chakula. "Vifaranga vikitoka, alhamdulillahi. Visipotoka, nitajua jicho la husuda limetoka wapi, na Mitwali ataoa binti wa mjomba wake."

Miaka mitatu nilikuwa katika nyumba ile, sijashika mimba. Kwao wao, mwanamke asiyezaa jicho lake hukausha hata maziwa ya nyati wa kufugwa. Mitwali akamega mkate, akaangalia maharage. Basi nikajua kwamba ndoa yangu imelazwa kwenye makapi kule, na mimi nimepigwa marufuku hata kuichungulia.

Kila Ijumaa alikata karatasi umbo la mtu, akaidunga sindano. "Hii kwa jicho la Itidali. Hii kwa jicho la mke wa muuza mafuta ya taa. Na hii," hapo sauti inapanda, "kwa jicho la aliye karibu!" Sindano inaingia na kutoka, inaingia na kutoka. Akaichoma moto ile karatasi, akatupa jiwe la shabu kwenye makaa, ikatutumka ikafanya sura kama ya mtu, ndiye mwenye jicho. Akaiopoa kwa kijiti, akamwonyesha Itidali jirani yetu, ambaye hakosekani penye shari.

"Itazame pua hiyo. Ya nani?"

"Mimi simtaji mtu," akasema Itidali, na macho yote kanitolea mimi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Hajati akasema.

"Mama," nikasema, "kwa pua hiyo, hata nyati wetu ni mchawi."

Hakucheka mtu.

Ila sitamnyima haki yake, kazi aliijua. Kabla ya mdondo kijiji kizima kilikuwa kinamletea mayai. Hakuwa na kipimo chochote ila jicho. Alivuta pazia kidogo apate mwanga, akashika yai, akaliegemeza kwenye kope la jicho la kushoto, akatulia, basi: "Limezidi," au "Limepoa," au "Sawasawa." Hakuwa akikosea.

Siku moja anakaanga vitunguu, samli ikaruka ikamtua shavuni, karibu kabisa na jicho hilohilo. Mimi niliyekuwa mlangoni niliruka. Yeye akaendelea kukoroga. Ngozi ikavimba, lengelenge likasimama.

"Mama, umeungua!"

"Nimeungua wapi?" Akajipapasa shavu la kulia.

Lo! Nikakumbuka. Mwanzo wa baridi aliamka uso umemwendea upande, mdomo umelegea. Tukamkanda, ukanyooka, tukashukuru, tukasahau. Lakini chai ilikuwa bado inamchuruzika pembeni ya mdomo, upande wa kushoto, na hafuti mpaka aambiwe. Na kope la kupimia mayai ni lipi?

Basi na mimi nikaingiwa na shaka. Yeye ananishuku mimi, mimi nalishuku jicho lake, tunapitana uani kama mapaka.

Alipokwenda msibani mtaa wa pili, niliingia. Ndiyo, niliingia. Nikachukua yai, nikaliweka kwenye kope langu, nikalitoa haraka. Lilikuwa kama kiazi kilichotoka majivuni. Mayai yalikuwa yanapikwa mle! Nikatoa samadi kwenye chungu, nikafunua matambara, nikangoja mpaka joto likashuka, nikatoka. Hajati akarudi, akalipima yai moja. "Sawasawa," akasema. Kisha akachungulia chungu. "Nani kapunguza moto?" Akaongeza maradufu.

Ikawa vita. Yeye anajaza, mimi napunguza. Siku nyingine anasahau kujaza, yanapoa, anayapima, "Sawasawa," na mimi naingia kuongeza. Mtaniuliza kwa nini sikusema. Niseme nini? Kwamba jicho lake limekufa? Nimwambie hivyo mwanamke anayeiona pua yangu kwenye shabu? Angeapa kwamba nimeliua mimi. Mitwali nilimdokeza, akasema, "Insafu, mambo ya mayai ni ya wanawake." Mwanamume mzima!

Nami sikujua kwamba Hajati amenyunyiza unga kizingitini.

Asubuhi hiyo nilisikia ukelele. Nikatoka, nikamkuta kasimama mbele ya pazia, Mitwali pembeni, Itidali kashafika, sijui alipaa. Kwenye unga palikuwa na unyayo, na kidole cha mwisho kimempanda mwenzake. Kijijini petu kidole hicho ninacho mimi peke yangu.

"Mwenye macho haambiwi tazama!" Hajati akasema. "Mayai yangu! Mbegu ya mama yangu! Huyu apande punda arudi kwa baba yake, leo hii!"

"Masikini," Itidali akasema, "ndiyo maana uzazi..."

"Wewe funga domo lako!" nikamwambia. "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha! Wewe mbona unaingia nyumba za watu kila siku na husemwi?"

"Insafu," Mitwali akasema, "funga tu nguo zako kwanza, mama atatulia."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Neno likanijia ulimini, niliseme palepale, kijiji kisikie kwamba Hajati Tafida hajui moto wala baridi. Nikamtazama. Lengelenge lilikuwa limepasuka, usaha unashuka shavuni, na yeye hana habari. Nikashindwa.

"Tuingie ndani," nikasema. "Mimi na wewe tu. Ukitoka, nitampanda huyo punda mwenyewe."

"Unataka kuniloga!"

"Ningetaka kukuloga, mama, ningengoja miaka mitatu?"

Akaingia. Nikaangusha pazia. Nikaokota yai lililokuwa limegusana na chungu, nikaliweka kwenye kope lake la kushoto.

"Vipi?"

"Sawasawa," akasema, kwa hasira.

Nikalihamisha kulia.

"Ah! Unaniunguza!"

Akalichukua yai mkononi mwangu, akaliweka mwenyewe kushoto, akangoja. Akalirudisha kulia. Kushoto tena. Akakaa chini kwenye makapi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya samli nilijua. Lenyewe labda limekufa tangu ulipougua."

"Na hukusema."

"Ungeniamini?"

Machozi yalimtoka macho yote mawili, akapangusa moja tu. Uani Itidali alikuwa anakohoa kwa kutaka habari.

Hajati akainuka, akatoka. "Itidali, nenda kwako ukapike," akasema. "Nilimtuma mimi. Nimesahau tu, uzee." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe unamwambia mkeo afunge nguo? Nguo gani? Kalete samadi!"

Akarudi ndani. Nikamwambia atumie jicho la kulia.

"Hili halikufundishwa," akasema. "Kope la kizee halijifunzi. Lete lako."

Tangu hapo nililipima kila yai mimi, yeye yuko nyuma yangu ananikoromea: "Usibonyeze! Ngoja! Sasa sema!" Mengine yalikuwa yameshakuwa viza, tukayatupa, na sikutupa hata moja bila kuhisi binti wa mjomba anasogea hatua. Mpaka siku moja, Amshiri inaaga, nikaliweka yai kopeni na kitu kikanigonga kutoka ndani. Nilipiga yowe. Hajati alidhani nimeungua.

Walitoka wachache, wa madoadoa, wamelowa, wanapiga kelele kushinda ukubwa wao. Wanawake wakaja kuona, Itidali mbele.

"Mashallah, Hajati, jicho lako halijazeeka!"

"Jicho langu limekufa," Hajati akasema, wote wakasikia. "Hawa wameletwa na jicho la Insafu."

Akanyoosha mkono juu ya pazia, akaufungua ule ushanga wa buluu. Nilidhani anautupa. Akanivuta ukosi wa nguo, akanibandikia kifuani kwa pini, pini ikanidunga.

"Mama, umenichoma!"

"Tulia," akasema, akimtazama Itidali. "Watu wana macho."