Moto wa Alkhamisi

Kilichomuudhi Thabit si kwamba Aliya anazungumza. Wazungumzaji Maskati tele, na wengi wao hawana la kusema. Kilichomuudhi ni kicheko cha mkewe. Alikuwa sebuleni kwake Ghubra, anasoma kumbukumbu za Bunge la Uingereza kama alivyozisoma kila asubuhi tangu astaafu wizarani, akamsikia Zakiya jikoni anacheka peke yake. Akaenda kutazama. Simu imeegemezwa kwenye birika, na ndani yake Aliya anahadithia jinsi wabunge wanavyomfungia mlango usoni mjumbe wa Mfalme, mpaka abishe hodi ndipo wamkaribishe.

"Hayo nilikuhadithia mie," Thabit akasema.

"Ulinihadithia," akajibu Zakiya, kisu hakikusita juu ya vitunguu. "Lakini sikucheka."

Miaka kumi na tano, kila Ijumaa baada ya Alasiri, Thabit aliwakusanya watu kwenye sabla ya nduguye, ule ukumbi wa wageni wenye mito ukutani, akawaeleza historia ya Bunge hilo. Wazee waliozaliwa Unguja walikuwa na hamu nayo, maana ndiyo nyumba iliyojadili mambo ya babu zao bila ya hata babu mmoja kuwa na kiti ndani. Na Thabit alikuwa na tarehe zote. Ukimuuliza kura fulani ilipigwa lini, atakutajia mwaka, mwezi na siku, hata kama ulikuwa unataka kwenda zako. Taratibu wazee wakapungua, wengine kwa mauti, wengine kwa magoti. Vijana hawakuja.

Kisha akatokea Aliya, daktari wa meno wa mtaa wa Hail, binti wa rafiki yake marehemu Sleiman. Jioni akitoka kazini anarekodi sauti yake dakika tano tano na kuwatumia watu kwenye simu. Miezi miwili haikupita, Bunge likawa mazungumzo ya kila nyumba. Hata Bakhit, aliyekuwa akikoroma waziwazi mbele ya Thabit, alimsimamisha nje ya msikiti kumuuliza kama amesikia mambo ya Aliya. Thabit akamwambia hana nafasi ya upuuzi.

Alikuwa nayo. Alimsikiliza kwa siri garini, vioo vimepandishwa, kalamu mkononi, akiwinda kosa. Alijiambia ni uchungu wa elimu kuchezewa, lakini ulikuwa wivu, wivu mtupu, ule wa kumnyima mtu usingizi na kumharibia chai. Na kilichomchoma zaidi ni kuwa yule binti alikuwa hodari. Kama angekuwa mbovu, Thabit angempenda sana.

Habari zikafika kuwa Aliya amealikwa azungumze kwenye ukumbi mmoja wa Qurum, Jumamosi baada ya Alasiri. Ukumbi ule Thabit aliungojea miaka yote, na hakuna aliyemwita. Wiki hiyohiyo, kwenye habari ya moto wa mwaka 1834 ulioteketeza Bunge, akalinasa kosa. Aliya alisema moto uliwaka Jumatano, tarehe kumi na tano Oktoba. Thabit akafungua kitabu chake kinene cha Kiingereza: Alkhamisi, tarehe kumi na sita, usiku. Akakibusu kitabu. Hakutuma ujumbe wa kumsahihisha faraghani, kama mtu mzima anavyomfanyia mtoto wa rafiki yake. Alitaka ukumbi mzima usikie.

Jumamosi akavaa kilemba chake kizuri, akakaa safu ya mbele na Zakiya, kitabu mapajani. Watu walijaa mpaka mlangoni. Aliya alizungumza vizuri kupita simuni. Alipofika kwenye moto, akaeleza jinsi mafundi walivyoshinda wakichoma vijiti vya kale vya kuwekea hesabu kwenye tanuri za chini, na mtunza nyumba, akiwatembeza wageni juu, akasikia sakafu inamuunguza nyayo. Mwanamke mmoja nyuma akavuta pumzi. Thabit hajawahi kumvutisha mtu pumzi.

"Na siku hiyo," Aliya akasema, "ilikuwa Jumatano."

Thabit akasimama. Akamuuliza, kwa sauti ya kusikika, tarehe hiyo kaitoa wapi. Aliya akainamia karatasi zake kuitafuta, na kule kutafuta kwake kukampa Thabit nguvu, akapanda jukwaani na kitabu kimefunguliwa, kidole kwenye mstari. Akakiweka mezani, pembeni ya karatasi za Aliya.

Ndipo alipouona mwandiko. Ulikuwa wake. Ilikuwa nakala ya daftari alilowagawia watu wa sabla miaka kumi na tano nyuma, imechakaa, pembeni imejaa maswali kwa penseli ya mtoto wa shule. Alimkumbuka sasa: msichana aliyekaa nyuma ya Sleiman, peke yake aliyekuwa akiuliza. Na chini ya "Jumatano" pana maelezo kwa mkono wa Thabit mwenyewe: *Kitabu kinasema usiku wa Alkhamisi, yaani Jumatano baada ya Magharibi.* Alihesabu kama alivyohesabu mama yake, usiku ukitangulia mchana wake, akasahau kuwa Waingereza usiku wao hufuata.

Alimtazama Aliya. Aliya naye alikuwa anamtazama, na alishaelewa yote. Akaigeuza ile karatasi, mwandiko ukalala chini, akaweka kiganja juu yake.

"Nimekosea mie," akawaambia watu. "Ilikuwa Alkhamisi. Nilinakili bila ya kuhakikisha. Bahati yetu Ami Thabit yupo, na yeye ndiye aliyenifunza kuuliza."

Thabit akafungua kinywa. Maneno yalikuwa mawili tu, kosa langu, na yalikuwepo, yamefika ulimini. Lakini watu walikwishaanza kusimama, Bakhit wa kwanza, wanampigia makofi yeye, Thabit, ukumbi mzima wa Qurum. Safu ya mbele Zakiya alikuwa amekaa, mikono mapajani. Daftari lile walilinakili pamoja, yeye akisoma, Thabit akiandika.

Akafumba kinywa, akainamisha kichwa kushukuru. Makofi aliyoyatamani miaka kumi na tano aliyapata siku ile, na yote yalikuwa ya Aliya.