Presha Nzuri ya Dada

Kazini walimwita Mama Kanuni, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa nesi wa utafiti, na kwenye utafiti kanuni ni nyingi kuliko wagonjwa. Mgonjwa akae dakika tano bila kuongea. Miguu isipandane. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo. Presha ipimwe mara tatu, ya kwanza isihesabiwe, wastani wa mbili za mwisho ndio uingie kwenye fomu. Na ukikosea kuandika, hufuti wala huchani karatasi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili libaki linasomeka, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia herufi za mwanzo za jina lako na tarehe. Wenzake walimtania kwamba hata marehemu mumewe alikuwa akikalishwa dakika tano kabla ya kuulizwa ametoka wapi.

Ndiyo maana dada yake alipoingizwa kwenye utafiti ule, hakuna aliyefungua mdomo. Kwingine wangesema ndugu asimpime ndugu. Hapa daktari aliyeusimamia utafiti alicheka tu. "Mama Kanuni? Huyo hata mama yake mzazi angemwandika kama alivyo."

Dada alikuwa na saratani ya utumbo iliyokwisha kuvuka hadi kwenye ini. Dawa ya majaribio ilikuwa vidonge viwili vya njano kila asubuhi, na kazi yake ilikuwa kuinyima saratani mishipa ya damu inayoilisha, ife njaa. Lakini dawa haina macho. Ikishaingia mwilini inabana na mishipa isiyo na hatia, presha inapanda, na figo, ambazo ukizitazama vizuri ni mishipa mitupu, zinaanza kuvuja. Kwa hiyo kanuni iliyozipita zote ilikuwa hii: presha ya juu ikivuka 160 mara mbili katika kikao kimoja, dawa inasimamishwa siku hiyohiyo, na mgonjwa harudi tena kwenye utafiti.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mpaka wakaogopa kusema. Uvimbe wa kwenye ini ulinywea kutoka sentimita sita hadi nne. Dada akaanza kula. Akaanza na kugomba, na nyumba nzima ikashukuru, maana dada asiyegomba alikuwa anatisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Hudhurio la tano kliniki, kipimo cha kwanza kisichohesabiwa kikishapita, mashine ikatoa 170 kwa 106. Nesi akasubiri dakika zake, akabonyeza tena. 166 kwa 102. Wastani, 168 kwa 104.

Dada alikuwa ametulia kwenye kiti, mkono juu ya meza, miguu haijapandana, mgonjwa wa mfano. Nje ya mlango wagonjwa wengine walikuwa wakipiga soga kwenye benchi. Nesi aliitazama fomu, na ndani ya kichwa chake akaziona sentimita nne zikirudi kuwa sita, kisha nane.

"Nzuri," akasema.

Akaandika 128 kwa 82. Asiyeijua kazi angeandika 120 kwa 80, na mkaguzi angemshtukia kabla hajageuza ukurasa. 128 kwa 82 ni namba yenye sura ya kweli. Alijiambia ni wiki mbili tu, apunguze chumvi, apumzike, itashuka.

Wiki mbili hizo hakulala vizuri. Siku ya hudhurio la sita alimfunga dada mkanda mkononi huku moyo wake mwenyewe ukimwenda mbio, akabonyeza, akafumba macho. Alipofumbua, mashine ilikuwa imeandika 128 kwa 82.

Alipumua mpaka dada akamuuliza kama anaumwa. Mara ya pili, 128 kwa 82. Mara ya tatu, vilevile. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba njia nzima, mtu mzima yule, kwa kuwa aliona amesamehewa.

Hudhurio la saba, 128 kwa 82, mara zote tatu. Hapo furaha ikaanza kumwasha kama nguo ya kuazima. Presha ya mtu aliye hai haitulii. Ukicheka inapanda, ukipiga chafya inapanda, ukimwona mama mkwe getini inapanda. Akamwambia dada akohoe. Akamwambia akunje ngumi, asimame, akae, asimame tena.

"Unanipeleka jeshini?" dada akauliza.

128 kwa 82.

Na huku namba zikitulia, mwili wa dada ulikuwa ukienda njia nyingine. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba, mashavu yameumuka. Pete ya ndoa ilikwama kidoleni. Alianza kuja kliniki na kandambili za mumewe kwa sababu viatu vyake vilimkataa. Mkojo aliouleta kwenye kikopo ulikuwa na povu zito lisilokatika, kama la mtu anayefua nguo. Nesi alichovya kijiti cha kupimia protini, akakisogeza karibu na dirisha. Hakikuwa na habari yoyote, njano tupu, hakuna protini hata chembe. Akachovya cha pili na cha tatu. Povu likaendelea kumtazama.

Akapeleka damu maabara kwa mkono wake mwenyewe. Alasiri mtu wa maabara akamrudishia karatasi akitabasamu. "Huyu mama ana figo za msichana," akasema. "Majibu ni yaleyale ya siku ya kwanza, mpaka ile namba ya mwisho baada ya nukta. Sijawahi kuona."

Mama Kanuni naye hakuwahi kuona.

Hudhurio la nane aliiweka pembeni ile mashine ya umeme, akafungua kabati na kutoa kipimo cha zamani cha kupuliza kwa mkono, chenye uso wa saa. Akavaa stetoskopu masikioni, akajaza mkanda upepo, akaulegeza polepole. Mshale ulipofika 128 sauti ikaanza, tap, tap, tap, imetulia, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Ulipofika 82 ikanyamaza. Akarudia. Safari hii, stetoskopu ikiwa bado masikioni, akaweka vidole vyake viwili kwenye kifundo cha mkono wa dada, pale mshipa unapopita.

Chini ya vidole mapigo yalikuwa yakikimbia, magumu, yamekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Masikioni yalikuwa yakitembea taratibu. Alisikiliza, akagusa, akasikiliza tena. Hayakuwa mapigo ya mtu mmoja. Mkono ule mmoja ulikuwa na mapigo mawili, ya dada yake na ya fomu.

Akavua stetoskopu kwa haraka mpaka ikamkwaruza sikio. Dada alikuwa akimtazama kwa macho yake yaliyovimba. "Bado nzuri?" akauliza.

"Bado nzuri."

Dada alipoinuka kwenda chooni, nesi akavuta karibu ile mashine ya umeme. Mkanda ulikuwa umelala mezani, haujazunguka mkono wa mtu. Mashine ya namna ile ukiiwasha na mkanda mtupu huwa inalalamika tu na kuandika kosa. Akabonyeza. Mkanda ukatuna taratibu, ukajikaza juu ya meza kana kwamba umekumbatia kitu, ukakaa hivyo, kisha ukalegea. 128 kwa 82. Akaizima kwa kuchomoa waya ukutani.

Na bado hakusema. Tumlaumu, lakini tumwelewe. Alichotaka ni namba moja tu ya kweli, mashine yoyote impe 180, apige kelele, daktari aje, dada aokolewe, na yale ya hudhurio la tano yabaki yamelala. Alikuwa akitafuta ushahidi utakaosema kwa niaba yake ili yeye asiseme. Siku tano nzima alitafuta. Hata kipimo cha jirani yake mwenye duka la dawa kilimjibu lilelile.

Siku ya sita, saa mbili asubuhi, mume wa dada akapiga simu. Ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Shemeji, dada yako ameamka anasema kichwa kinampasuka na haoni vizuri. Halafu tangu alfajiri ananiita kwa jina la baba yenu. Ananiuliza mbona nimerudi."

"Mlete. Mlete sasa hivi."

Walimfikisha wakiwa wamemshika huku na huku. Nesi alimkimbilia daktari, akamwambia presha ya dada iko juu, dawa isimamishwe, mashine zote zimeharibika. Daktari alikuwa mtu mwema na mwangalifu, na siku hiyo wema wake haukusaidia kitu. Akamkalisha dada, akasubiri dakika tano zote, akampima kwa kipimo chake mwenyewe alichokitoa kwenye begi.

"128 kwa 82," akasema. Akafungua faili, akapitisha kidole. "Toka hudhurio la tano haijatikisika. Mkojo safi. Figo safi. Mama Kanuni, umechoka, na huyu ni ndugu yako, sikulaumu. Presha ingekuwa ndiyo, vipimo vingesema. Ninavyoogopa mimi, saratani imefika kichwani. Apigwe picha ya kichwa wiki hii. Vidonge aendelee navyo, tena sasa ndiyo asikose hata siku moja."

Dada, kwenye kiti, alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini na mtu aliyesimama karibu na mlango. Karibu na mlango hapakuwa na mtu. Mkono wake wa kushoto ulianza kurukaruka kidogo juu ya paja, na shemeji akaushika kwa mikono yake miwili.

Nesi akaelewa. Hakuna mashine itakayomsaidia, hapa wala kwingine. Zilikuwa zimekubali neno lake, zote, kwa sababu yeye ndiye mtu ambaye neno lake halikuwahi kutiliwa shaka. Akajua pia akisema, kazi imekwisha, na dada hatavionja tena vile vidonge vilivyomrudishia uhai. Alihisi kama anaambiwa achague mkono upi wa dada ukatwe.

Akalivuta faili kutoka mikononi mwa daktari. Akafungua ukurasa wa hudhurio la tano. Akapiga mstari mmoja juu ya 128 kwa 82, ulionyooka, namba ikabaki inasomeka. Pembeni akaandika 168 kwa 104. Akatia herufi zake na tarehe ya siku ile. Kwenye nafasi ya sababu ya marekebisho, ambapo watu huandika kalamu iliteleza, akaandika: Nilidanganya ili asitolewe kwenye dawa.

Akamgeuzia daktari asome. Wakati daktari akisoma, yeye alikuwa akimfunga dada mkanda. Akabonyeza.

Mashine ikapuliza, ikasimama. Ikanguruma kidogo, ikapuliza tena, juu zaidi, kama zifanyavyo zinapokuta damu yenye nguvu kuliko zilivyotarajia. Ikasimama. Ikapuliza mara ya tatu. Shemeji alikuwa akiomba dua kimoyomoyo, midomo inacheza.

221 kwa 132.

Nesi alilia kwa furaha. Katika miaka yote ya kazi hajawahi kuona namba mbaya kiasi hicho, na aliipokea kama mtoto wake aliyepotea. Daktari alikuwa amekwisha kupiga kelele aletewe kitanda, sindano na dripu, na mahali pale pakajaa miguu ya watu.

Siku ya tatu wodini presha ilikuwa imeshuka, kwa kupanda na kushuka kama ya binadamu. Dada alikuwa anaona tena, anamjua mumewe, na alikwisha kugombana na mpishi. Maabara walirudia vipimo: figo zilikuwa zimebaki na theluthi ya nguvu zake, labda zingerudi kidogo, labda hapana. Dawa ilikuwa imesimamishwa moja kwa moja. Nesi alikuwa ameshakabidhi funguo za kabati na kitambulisho, akaja wodini kwa nguo za nyumbani, kama mgeni yeyote, saa ya kutazama wagonjwa.

"Vile vya njano ndiyo basi?" dada akauliza.

"Ndiyo basi, dada."

"Na uvimbe?"

"Watajaribu dawa zile za zamani. Daktari amesema watajaribu."

Dada akalikunja pindo la shuka. Alimjua daktari, na alimjua mdogo wake, na alijua kujaribu maana yake nini.

Nesi akaanza kusema yale aliyoyapanga njiani: kwamba alikosea, kwamba aliogopa kumpoteza, kwamba kama angeandika ukweli siku ile figo zisingefika hapa, na kwamba haombi kusamehewa. Alifika katikati, dada akamkatiza.

"Mimi niliona," dada akasema.

"Uliona nini?"

"Ile namba. Mashine ilikuwa mezani katikati yetu. Nina saratani, sina upofu. Niliona mia na sabini, nikakuona wewe unaandika kitu kingine, ukaniambia nzuri."

"Mbona hukusema, dada?"

Dada alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama vile swali lenyewe halikuwa na maana.

"Ningesema nini? Wewe ndiye nesi, mdogo wangu. Nilijua unajua unachofanya."

Kitanda cha pili mgonjwa alikuwa akiomba maji. Nesi aliinuka akampa, akarudi, akakaa palepale.