Visiki vya Mzee Sharifu

Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, Mwanaidi alichemsha mihogo na kutandika mkeka barazani, kwa sababu baba yake, Mzee Sharifu, aliyezikwa hapohapo Handeni miaka mitatu iliyopita, alikuja kunywa chai. Alitaka sukari vijiko vinne, maana kisukari hakikumhusu tena.

Kikombe cha kwanza kikiisha, alisimulia jinsi alivyofyeka pori la bondeni peke yake na kung'oa visiki kumi na viwili. Mwanaidi alimsikiliza akitabasamu, kama alivyomsikiliza utotoni.

Mumewe, Kibwana, alikulia nyumba ya jirani, na aliyaona mambo yale kwa macho yake. Alivumilia kwa miezi kadhaa. Ijumaa moja akasema, "Baba, mwaka ule wewe ulikuwa Mazinde unakata mkonge. Pori lile alilifyeka mama, Mwanaidi akiwa mgongoni."

Ilikuwa kweli. Mzee Sharifu akatazama kikombe. Miguu yake ikafifia hadi magotini, na viatu pamoja nayo, kisha akaondoka bila kuaga.

"Haya, umeshinda," Mwanaidi alimwambia mumewe. Siku tatu hakumwambia neno jingine.

Ijumaa iliyofuata mzee alikuja kuanzia kiunoni kwenda juu. Ilionekana wazi kwamba akisahihishwa mara moja zaidi atakwisha kabisa. Kibwana akaenda kusimama mlangoni pa jiko, alikokuwa Bibi Hafsa, mama yake Mwanaidi na mjane wa mzee.

"Mama, haki ni yako. Lakini nikisema, hatarudi tena."

Bibi Hafsa alimaliza kumenya muhogo. "Visiki vilikuwa ishirini na saba," alisema. "Mpelekee chai, mwanangu. Binti yake anamfurahia."

Kibwana akarudi barazani. "Baba, vile visiki. Nahisi unavipunguza. Havikupita ishirini kweli?"

Mzee akafikiri kidogo. "Yawezekana vilipita," alisema.

Miguu ikarudi, na viatu vyake. Mwanaidi alicheka mpaka akamwaga chai, kisha akasogea akakaa karibu na mumewe.

Wiki iliyofuata mzee alikuja na marehemu wenzake wawili, akawashusha bondeni kuwaonyesha kazi yake. Walimkuta Bibi Hafsa akipalilia mahindi. Wakamsalimu kwa heshima, kisha wakamwomba asogee pembeni ili walione shamba vizuri.

Akasogea.