Bakuli la Maji ya Moto

Chakula kilikuwa hakijaagizwa bado, lakini bakuli la maji ya moto lilishafika mezani. Chunlian aliliona kabla hajavuta kiti. Lilikuwa jeupe, limemeguka kidogo ukingoni, na liliwekwa mbele ya Mama Haobin. Maji yale hayakuwa ya kunawa wala ya kunywa. Chunlian aliyajua. Kule Wuxi, mjini kwa akina Haobin, walipoalikwa kula kwa jirani mmoja aliyetoka Sichuan, wanakopika kwa pilipili nyingi, Mama Haobin aliomba bakuli kama hilo, akachovya kila kipande cha nyama, akakisuguasugua kwa vijiti mpaka pilipili ikatoka, kikapauka, ndipo akala. Mwenye nyumba alikuwa anamtazama muda wote.

Walikuwa wameshuka kwenye treni hapo mjini Kaili, wakisubiri basi la saa nane la kwenda kijijini kwa akina Chunlian. Mama Haobin alikuwa hajawahi kufika. Jioni hiyo ndiyo angekaa na wazazi wa binti, wakubaliane siku ya harusi. Mama yake Chunlian alikuwa jikoni tangu jana.

Mgahawa haukuwa na menyu. Mtu anakwenda kwenye friji ya kioo karibu na mlango, anaonyesha anachotaka, anasema kipikwe vipi. Chunlian aliacha shule darasa la nne, na migahawa ya Wuxi ilimtoa jasho na maandishi yake. Haobin, mchumba wake, ndiye aliyemsomea na kumwagizia. Hapa hapakuwa na cha kusoma. Akainuka.

"Kaa tu, Lian," Haobin akasema. "Nitaagiza mimi."

"Lakini hapa najua..."

"Kaa. Mama hawezi kula mnavyokula ninyi."

Akakaa.

Mwenye mgahawa, mama mmoja mwenye kifua kipana, alikuja akijifuta mikono. "Haya wageni! Kuku ninaye, na samaki yule pale kwenye tangi bado anapiga mkia. Kuku nimpike kwa pilipili ya kutwanga?"

"Bila pilipili," Haobin akajibu.

"Kidogo tu?"

"Hata moja. Na samaki usimtie kwenye ile supu yenu chachu. Maji na tangawizi, basi. Halafu uoshe karai kwanza."

"Karai nitaosha, kaka yangu. Lakini jikoni kwangu hata ukuta unawasha. Nao niuoshe?"

Wanaume wa meza ya pili wakaangua kicheko. Mama Haobin alimsogelea mwanawe, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona: "Wanajaza pilipili ili usijue nyama imelala siku ngapi. Kila mtu anajua hilo."

Yule mama alisikia. Alimgeukia Chunlian, akamsemesha kwa lafudhi ya kwao. "Na wewe mdogo wangu, mbona kimya? Uso huo si wa mbali. Kwenu wapi?"

Chunlian alifungua mdomo.

"Huyu ni wa Wuxi sasa," Mama Haobin akadakia, akimpigapiga mkono. "Tumeshamzoesha vyakula vya sukari. Alipokuja kwetu ungemhurumia! Eti kwao walikuwa wanakula wali na pilipili tu. Wali na pilipili, hebu fikiria."

Chunlian aliinamisha kichwa. Ni kweli alikuwa amemsimulia. Alimsimulia siku ya kwanza, akitafuta la kuzungumza, kwamba mama yake alikuwa anachoma pilipili kwenye majivu, anazifikicha na chumvi, anakulia wali, huku mayai yakienda kwa watoto. "Mimi mayai siyapendi," mama alikuwa akisema. Chunlian alikuwa mtu mzima alipogundua kwamba mama anayapenda mayai sana. Hayo yote alimwambia Mama Haobin. Yeye alichoshika ni wali na pilipili tu.

Chakula kikaja. Kuku alikuwa mweupe kama kitambaa kilichofuliwa mno. Mama Haobin akatafuna kipande, akakohoa, machozi yakamtoka.

"Wametia!"

"Sijatia," yule mama akajibu kutoka jikoni. "Ukuta huo!"

Meza ya pili ikacheka tena. Mama Haobin, uso mwekundu, akavuta bakuli lake. Kipande cha kwanza kikaingia majini, cha pili, cha tatu. Maji yakaota utando wa mafuta. Kipande cha nne alikiosha vizuri zaidi, akakikung'uta, akakiweka kwenye bakuli la Chunlian.

"Kula mwanangu. Na jioni umwambie mama yako aniwekee bakuli kama hili mezani. Au basi, nitamwambia mwenyewe. Wewe una haya."

Chunlian akakitazama kile kipande. Kilikuwa kinachuruza maji juu ya wali.

Akaiona meza ya nyumbani, mama yake amevaa blauzi ya sikukuu, amekaa ukingoni mwa kiti akisubiri kusikia kama chakula ni kitamu, na maji ya moto katikati. Akaziona pia chupa sita za pilipili ambazo mama alimwambia kwenye simu kwamba amezijaza, moja ya Mama Haobin mwenyewe. Maana majira ya baridi yaliyopita mama alituma chupa moja Wuxi, na siku ya tatu haikuonekana. Mama Haobin alisema iliteleza ikavunjika. Haobin akasema, "Nilikuwepo ilipovunjika." Na mama alipopiga simu kuuliza kama waliipenda, Chunlian alimjibu, "Wameimaliza."

Aliweka vijiti chini, akasimama.

Alikwenda kwenye friji. "Dada, nipikie kuku wa pilipili ya kutwanga," akasema kwa lafudhi ya kwao, "na samaki mwingine wa kwenye tangi, umtie kwenye supu chachu. Karai usilioshe."

"Hewaa!" yule mama akaitikia. "Nilijua tu!"

"Lian, umechanganyikiwa?" Haobin alikuwa amegeuka kwenye kiti. "Nani atakula vyote hivyo?"

"Mimi."

"Unamwaibisha mama mbele za watu."

Chunlian akarudi mezani, akachukua lile bakuli, akatoka nalo hadi mlangoni, akayamwaga maji kwenye mfereji. Alipolirudisha, tupu, alilifudikiza juu ya meza. Lililia kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Nyumbani kwa mama yangu hili halipo," akasema. "Asiyeweza pilipili atapewa yai na wali, na hakuna atakayemcheka. Lakini chakula cha mama hakioshwi mbele ya macho yake. Basi linaondoka saa nane. Mimi nitapanda. Mkiona hamwezi, kituo cha treni mnakijua."

Mama Haobin alishika kifua. "Haobin, unamsikia? Huyu ndiye yule mpole?"

"Hasira zote hizi kwa sababu ya bakuli la maji?" Haobin akauliza. Alijaribu kucheka. "Tangu lini umekuwa hivi?"

"Tangu ile chupa."

"Chupa gani? Ile iliyovunjika?"

Jikoni pilipili ziliingia kwenye mafuta ya moto, na mgahawa mzima ukaanza kukohoa. Chunlian hakukohoa.

"Haikuvunjika," akasema. "Niliiona kwenye pipa la taka, chini ya ngazi. Nzima. Haijafunguliwa. Uzi alioufunga mama bado uko shingoni mwa chupa. Nilisimama pale nikiwa na ndoo mkononi, nikashindwa hata kuiokota, kwa sababu mngeniuliza nimeitoa wapi."